Kiti Kilichoipa Televisheni Mgongo

Ukiingia kwenye chumba chake cha michezo pale Kasungami, pembezoni mwa Lubumbashi, kitu cha kwanza kukushangaza hakikuwa zile televisheni nne, wala kelele za watoto, wala joto la mabati. Kilikuwa kiti. Kiti cha mbao chenye mikono, cha ofisi ya shule, kimewekwa katikati ya chumba kinyumenyume: mgongo wake kwenye televisheni, uso wake kwenye mabenchi ya wachezaji. Mzee alikaa hapo mchana kutwa, miwani imefungwa kwa lastiki nyuma ya kichwa. Nyuma yake vita vilipiganwa, magari yalipinduka, mabao yalifungwa, naye hakugeuka. Wageni walidhani ni kipofu. Mama mmoja aliniuliza kwa sauti ya chini kama ni masharti ya mganga.

Sababu niliijua, maana inanihusu mimi na mtoto wa dada yangu. Nitaifikia. Kwanza niacheni nimseme kidogo, kwa sababu huyu mtu alinivuta masikio miaka sita na sasa zamu ni yangu.

Tulimwita Dirdis. Ndivyo tunavyowaita shuleni kwetu wakurugenzi wa nidhamu: yule mtu wa getini mwenye filimbi, anayepima sketi kwa rula na kuandika majina ya waliochelewa, ambaye hata walimu wakimwona wanazima sigara. Alizaliwa wapi, ukoo wake upi, sijui na sikuwahi kuuliza. Nilimkuta tayari ni Dirdis. Naamini hata mkewe, Mungu amrehemu, alimwita hivyo mezani.

Alikuwa na pua ya kunusa mchezo. Enzi zetu vyumba vya michezo vilikuwa mjini tu, vichochoroni, na wavulana walitoroka somo la mchana kwenda huko. Dirdis aliwafuata kwa baiskeli. Wanasema aliingia, akazima umeme ukutani, akapuliza filimbi gizani, na watoto thelathini wakatoka mstari mmoja mpaka shuleni. Mimi sikutoroka. Mimi nilikuwa na kamashini kadogo ka mchezo wa kupanga matofali, kale ka betri mbili, nikakaficha ndani ya kitabu cha jiografia. Alisimama nyuma yangu bila kutoa sauti.

"Iyi njo nini?"

"Kamashini, Dirdis."

"Kanafundishaka nini?"

"Kupanga matofali, Dirdis."

"Bon. Ukikuwa maçon, fundi ya matofali, utakuya kukakamata."

Kwa hiyo mtafikiria jinsi nilivyovunjika mbavu, miaka mingi baadaye, nilipopita Kasungami na mkoba wangu wa fundi, nikaona ubao umeandikwa kwa chaki, mwandiko ule ule wa getini: SALLE DE JEUX. HESHIMA MBELE. Amestaafu, amefungua chumba cha michezo! Nilimwuliza kama hana aibu. Alinijibu kwa utulivu kwamba kuwafuata watoto kwa baiskeli kumemchosha magoti. "Batoto batacheza tu. Kama bako hapa, miye niko nabaona."

Wakati huo mimi nilikuwa nimeshakuwa fundi wa simu na mashine za michezo, na manette, yale makasha ya vifungo ambayo mchezaji anashika mikononi, zilikuwa zinakufa kwake kila wiki. Siku ya kwanza niliyokwenda kumtengenezea, alifungua kabati, akatafuta, akanipa kamashini kangu. Kalikuwa kwenye mfuko wa plastiki, na kikaratasi: jina langu, darasa langu, na maneno "atarudishiwa mzazi". Betri zilikuwa zimeoza, mengine yote yalikuwa salama. Kabatini niliona mifuko mingine kama ishirini, kila mmoja na jina lake. Alikuwa anawangoja watu wazima wapite, mmoja mmoja.

Sasa kasoro yake, maana alikuwa nayo kubwa. Dirdis aliamini karatasi kuliko macho. Michezo yake ilikuja mitumba kutoka Ulaya, ndani ya makasha, na kwenye kona ya kila kasha kuna namba ndani ya kisanduku cha rangi. Mtu aliyeishi maisha yake yote ndani ya shule zetu, ambako kila kitu hupimwa juu ya ishirini, tangu hesabu hadi tabia, akiona 18 ataelewa nini? Alielewa kwamba wazungu wameshasahihisha. Kilichobaki kwake ni kutii.

Mchezo wa mpira ulikuwa na 3. Tatu juu ya ishirini! Aliufungia kabatini kwa ufunguo. Watoto walilia, wakaleta hata mama zao. "Muniletee mutoto anaingia mu sixième, darasa ya sita, na cote ya tatu," aliwaambia, maana cote kwetu ni alama, "na miye nitafungua mpira." Mchezo wa vita, ule wa wanajeshi na bunduki na vijiji vinavyoungua, ulikuwa na 18. Aliuweka kwenye televisheni kubwa kabisa, akawaita wadogo wakae mbele. "Kumi na nane! Ata miye sikupataka kumi na nane." Jambo moja tu lilimkera: 18 hiyo ilikuwa kwenye rangi nyekundu. Aliniambia professeur aliyeandika cote nzuri kwa wino mwekundu, wino wa walioshindwa, hakusoma pédagogie.

Vijana wakubwa walijua maana ya namba. Walifunga midomo yao vizuri sana. Mimi nilikuwa nafungua mashine, makasha sikuyaona. Najitetea hivyo kila mara, na kila mara utetezi unanishinda.

Mwansa aliletwa kwangu akiwa na miaka kumi. Ni mtoto wa dada yangu, kutoka upande wa Pweto, kijiji cha mbali na barabara. Watu wenye bunduki walifika kijijini alfajiri, wanakijiji wakakimbilia ziwani, baba hakuonekana tena. Dada yangu alibaki Pweto kumtafuta mumewe, akampandisha mtoto kwenye lori la samaki wakavu. Alifika akinuka samaki, hakulia, alikula vizuri, alifagia bila kuambiwa. Nikajidanganya kwamba amesahau. Wiki ya tatu, Jumamosi mchana, nilikuwa na televisheni ya mteja ya kupeleka, nikamwacha kwa Dirdis. Niliona ni mahali salama kuliko pote Lubumbashi. Nilimwambia, "Kaa na batoto benzako, mama mudogo anarudia sasa hivi."

Umeme ulikuwa umekatika tangu asubuhi. Uliporudi, televisheni kubwa iliwaka na sauti yote. Kwenye kioo wanajeshi walivunja mlango wa nyumba, watu wakapiga mayowe, risasi zikaanza. Watoto walishangilia. Hakuna aliyemwona Mwansa akitoka.

Watoto huvua kandambili mlangoni pale, ni sheria ya Dirdis. Mtoto wa kwanza kutaka kwenda haja hakuzikuta zake. Wa pili pia. Ikapigwa kelele ya mwizi, na Dirdis hakuwa na huruma kwa wizi: alitoka na filimbi mdomoni, mkono juu. Alimkuta Mwansa nyuma ya choo, amesimama wima, gauni amelikunja kama kapu, ndani yake kandambili za watoto wote. Macho yake yalikuwa barabarani. Alipomwona mzee hakukimbia. Alimnyooshea gauni lote na viatu vyake.

"Muvae mbio," alisema. "Banakuya."

Siku ile ya kwao hakuna aliyepata muda wa kuvaa kiatu, na njia ya kwenda ziwani ni ya mawe. Hilo niliambiwa baadaye. Dirdis hakuhitaji kuambiwa. Mkono wake ulibaki juu hewani, nilipofika niliukuta karibu bado uko hapo, na filimbi inaning'inia mdomoni.

Baada ya maneno hayo Mwansa hakusema neno. Siku ya kwanza, ya pili, ya tano. Alifagia, alikula, alilala amevaa viatu. Damu ilinichemka, na mtu wa kumwagia nilikuwa naye. Nilikwenda kwa Dirdis, nikalikamata lile kasha, nikasoma kikaratasi chake chote, kisha nikampasulia mbele ya watoto: "Dirdis, iyi haiko cote! Njo miaka! Kumi na nane ni miaka ya muntu! Na ile mpira yako ya tatu, ata mutoto ya miaka tatu anaweza kuicheza!" Nilisema na mengine, nisiyoyarudia hapa. Kwa masikio yale aliyoyavuta miaka sita, nilijisikia mkubwa kwa dakika moja, halafu nikamwona anavyotafuta kiti.

Alifunga chumba wiki nzima. Siku ya nane alikuja kwangu amevaa koti la getini, ameshika daftari. Shuleni, mtoto aliyekosa aliandika sentensi moja mara mia, akaipeleka nyumbani mzazi atie sahihi. Dirdis alikuwa amejipa adhabu hiyo. Hakuandika kwa Kifaransa chake cha shule, aliandika kwa Kiswahili ili mtoto asome: Sitatoa cote kwa kitu ambacho sijakiangalia mwenyewe. Ukurasa kwa ukurasa, mwandiko wa chaki, kila mstari na namba yake. Alipiga goti, na magoti yake mnayajua, akampa Mwansa daftari na bic, kalamu ya wino.

"Mi njo nilikosa," alisema. "Njo weye unasaini."

Mwansa alichukua daftari. Alifungua kurasa zote, akapitisha kidole mstari kwa mstari, midomo ikichezacheza. Sisi wawili tulimtazama kama watu wanaongoja majibu ya daktari. Alipofika mwisho aliinua uso.

"Inapunguka moya," alisema.

Mzee aliruka namba arobaini na sita. Aliihesabu mara tatu, akaona ni kweli, mistari ilikuwa tisini na tisa. Nilitaka kulia na kucheka pamoja, maana mtoto alikuwa amesema. Dirdis aliomba bic aandike uliokosekana papo hapo, lakini Mwansa alifunga daftari, akalikalia.

"Hapana leo."

Kesho yake alirudi kuuliza kama ni leo. Hapana leo. Kesho kutwa pia. Alikuwa anakuja kila jioni na maandazi yake mawili, na kila jioni mtoto alimwongezea maneno kidogo juu ya yale mawili. Baada ya mwezi tuliambiwa habari ya njia ya mawe. Baada ya miezi miwili alivua viatu kulala. Daftari alilificha mwenyewe chini ya godoro, na "leo njo siku?" ikawa salamu yao, hata walipokutana kanisani.

Ndipo kiti kikageuzwa.

Nilimwuliza kwa nini asiuchome tu ule mchezo wa vita. Pasta wa jirani alitaka hivyo hasa, alikuja na kiberiti mfukoni. Dirdis alimpa kiti, akamsikiliza mpaka mwisho, akamjibu kwamba yeye amewanyang'anya watoto vitu miaka mingi na hajawahi kuona kabati likimfundisha mtu, sembuse moshi. Mchezo wenyewe haukumtisha. Kilichomtisha ni kwamba watoto walipoangalia televisheni, naye aliangalia televisheni badala ya kuwaangalia wao. "Ile mashine, najua itafanya nini. Itapiga masasi. Sura ya mutoto njo sijue."

Basi akawa anasoma sura. Alikuwa na mambo aliyoyatazama, na hayakuwa yale ningeyafikiria. Kelele hazikumsumbua, wala kushangilia, alisema watoto hushangilia hata mvua. Alitazama mabega. Alitazama mtoto anayeacha kupepesa macho. Zaidi ya yote alitazama mtoto anavyoachia manette zamu yake ikiisha. Aliyeachia huku anacheka na kumsukuma mwenzake, huyo yuko sawa. Aliyeachia kwa kununa alirudishwa mwezi mmoja kwenye mpira, ambao sasa ulikuwa umetolewa kabatini. Na aliyeshindwa kuachia, vidole vimeganda, ilibidi amtoe nje wazungumze habari za kuku. "Mutoto hawezi kuachia bunduki ya bongo, ile ya uongo," alikuwa akisema, "usimuambie habari ya ile ya kweli."

Kwa hiyo sheria yake haikuwa miaka peke yake. Chini ya kumi na tatu hakuna, hilo halikuwa na mjadala, hata ulete babu yako. Juu ya hapo alipima mtu kwa mtu. Nimemwona akimruhusu binti wa miaka kumi na nne mwenye kichwa kilichotulia, na kumkatalia mwanajeshi. Ndiyo, mwanajeshi kamili, kijana amerudi likizo kutoka kaskazini, na buti zake. Alicheza dakika chache. Dirdis aliinuka, jambo alilolifanya mara chache, akaweka mkono juu ya zile manette. "Baba, iyi ya kwako ilisha kutosha." Nilidhani patakuwa na ugomvi. Kijana alimtazama, akaachia. Alihamishiwa mpira, akacheza na watoto wa miaka tisa mpaka jioni, akafungwa vibaya sana.

Kila mchezo mpya ukija, Jumamosi, tulifanya baraza. Shuleni kwetu, mwisho wa mwaka, walimu hujifungia wakajadili nani apande darasa, halafu majina husomwa uwanjani mbele ya wazazi, na aliyepita anamwagiwa poda kichwani mpaka anakuwa mweupe. Dirdis aliileta desturi hiyo hiyo kwenye veranda. Baraza lilikuwa la watu watatu: yeye, mimi, na mama wa mikate wa mlango wa pili, anayekaanga maandazi, ambaye hakuwahi kushika manette maishani. Tulicheza mchezo mzima, au tuliucheza mpaka tukafa. Mama wa mikate alikuwa na swali moja kwa kila mchezo: "Na ule muntu banaua, mama yake iko wapi?" Tulimcheka mwanzoni. Kisha Dirdis alisimama verandani mbele ya watoto, akasoma matokeo kwa sauti ya getini: umepita, umerudia, au umefukuzwa. Mchezo uliopita, mama wa mikate aliupulizia unga kidogo juu ya kasha. Dirdis alibandika katoni na mwandiko wake juu ya ile namba ya wazungu. Kwenye mchezo wa vita aliandika: Miaka 13 na zaidi, wakubwa peke yao mchana, wadogo wakiwa shuleni, sauti chini, na mwenye usingizi mbaya hapana.

Msidhani alikuwa mtakatifu. Jumapili baada ya misa, chumba kikiwa kimefungwa, nilipitia mlango wa nyuma kuchukua bisibisi yangu nikamkuta peke yake anapigana ule ule mchezo, koti la kanisani juu, ulimi nje, manette karibu aivunje. Alikuwa mbaya ajabu. Alikufa kila kona. Na kila mara alipompiga mtu kwa bahati, alisema "pardon, mon fils", samahani mwanangu, kwa sauti. Aliponiona alizima, akasema anafanya utafiti. Utafiti huo ulidumu miaka sita.

Alikuwa na methali aliyotupiga nayo shule nzima, mchelea mwana kulia hulia yeye. Uzeeni sikumsikia akiisema tena. Nilimkumbusha siku moja nikimtania, akasema, "Ile nilishaisema ya kutosha. Sasa niko nasikia bilio." Na kweli alisikiliza. Watoto ambao hawakuwa na hamu ya kucheza walikuja kukaa tu, kwa sababu pale kulikuwa na mtu mmoja mzima aliyewatazama usoni mchana mzima.

Mwansa alipofika miaka kumi na tano aliomba kuucheza. Mimi nilikataa kabla hajamaliza sentensi. Dirdis hakukataa, wala hakukubali, aliitisha baraza, na hilo ndilo baraza gumu kuliko yote. Nilipiga meza. Mama wa mikate alilia. Dirdis alimwuliza Mwansa swali moja, anataka nini mule ndani.

"Nataka kuona kama ni miye nilikuwa mukubwa, ningefanya nini."

Tulifunga chumba kwa ajili yake. Sauti iliwekwa chini. Kandambili zake zilikaa karibu na benchi, mbele zikielekea mlangoni. Dirdis alisogeza kiti mpaka magoti yake yakakaribia ya Mwansa, mgongo kwenye vita, akamtazama. Nilisimama mlangoni na roho juu. Mwansa alicheza polepole, bila kupiga risasi hata moja, akipita kando ya kuta. Alifika kwenye nyumba ile, mlango ukavunjwa, mayowe yakaanza. Aliweka manette kwenye benchi, taratibu, kama mtu anayeweka yai.

"Huyu mwenye kuitengeneza hajue," alisema. "Bantu bakikimbia habapigake makelele. Bananyamaza."

Dirdis alimwomba arudie, akaandika. Kisha akamwuliza cote. Mwansa alifikiri. Kwa picha, kumi na tano. Kwa ukweli, sita. "Na ile sita, uiandike na rouge, ile wino nyekundu." Siku hiyo ndipo niliposimama nje nikalia kwa nafasi, maana mtoto wangu alikuwa ameusahihisha mchezo, naye alikuwa amevaa uso wake wa kawaida. Hakuomba kuucheza tena. Alianza kukaa kwenye baraza, mtu wa nne.

Mwaka huu Dirdis alianguka, mguu na mkono wa kuume vikaacha kumsikiliza. Chumba kilifungwa. Watoto walikuwa wanapita kwangu kuuliza, na kulikuwa na mchezo mpya wa vita ambao kaka zao wamekwisha kuununua mjini, kila mtu anangoja matokeo ya Kasungami. Wengine walianza kuucheza majumbani, milango imefungwa, hakuna anayewatazama. Hilo lilimuumiza kuliko mkono.

Tulikwenda kumwona Jumamosi asubuhi, mimi, Mwansa, na mama wa mikate ambaye alitoka kazini na aproni yake. Alikuwa amelala ameangalia mlango, kitanda kimeupa ukuta mgongo. Mdomo ulikuwa umevutwa upande mmoja, lakini sauti ya getini ilibaki.

"Leo njo siku?"

Ilikuwa salamu tu, kama kawaida. Mwansa alitoa daftari kwenye mfuko.

"Leo."

Mzee akaomba bic, akaishika kwa mkono wa kushoto, tukamshikia daftari. Aliandika namba 46 ikatoka imelala. Aliandika Sitatoa, na herufi zikapanda mlima, zikashuka nje ya mstari. Jasho lilimtoka. Alijaribu neno la pili, bic ikaanguka juu ya shuka, akaitafuta, ikaanguka tena. Mtu aliyesahihisha miandiko ya watoto maisha yake yote alikuwa anaangalia ule mwandiko wake, na sikuweza kumtazama.

Mwansa aliokota bic. Sikujua atafanya nini. Alikaa kwenye ukingo wa kitanda, akaweka daftari juu ya goti, akaendelea pale pale mzee alipoishia, bila kufuta kitu, mpaka mwisho wa sentensi: cote kwa kitu ambacho sijakiangalia mwenyewe. Kisha akasaini chini.

"Mutoto!" Dirdis aliinua kichwa. "Haiko régulier, haiko sheria! Ile punition, ile azabu, ni ya kwangu!"

"Tisini na tisa njo ya kwako," Mwansa alisema. "Nilisha kukusamehe tangu zamani, Dirdis, nilikuwa napenda tu ukuye. Iyi moya njo ya kwangu. Batoto banangojea mu salle, na kiti haina muntu."

Alimpa daftari lakini mzee hakuliangalia. Alimtazama yeye usoni, vile alivyowatazama wote, mabega kwanza, halafu macho, kwa muda mrefu. Jicho lake moja lilikuwa linatoa machozi, nadhani lile lingine halikuweza. Mwansa alivumilia kutazamwa. Hatimaye Dirdis alivuta pumzi ya kusomea matokeo.

"Amepita," alisema.

Mama wa mikate alitia mkono ndani ya mfuko wa aproni, akatoa unga wa asubuhi, akammwagia Mwansa kichwani wote. Uliruka mpaka kitandani, kwenye shuka, kwenye daftari, kwenye miwani ya mzee. Mzee alicheka na nusu ya mdomo wake, haoni kitu, na mimi nikamvua ile miwani ya lastiki nikaipanguza kwa kitenge changu.